Tundu Chini ya Mungu wa Moto

Mdogo wangu Zawadi,

Salamu kutoka Sydney, nilikokuja kumwona mjukuu wangu Neema. Jana alinipeleka makumbusho. Kwenye rafu ya kioo zimepangwa sanamu nne za udongo wa kauri, miungu ya Wayunani, na kila mmoja anasimama badala ya kitu: mama mwenye masuke ni ardhi, mzee mwenye mkuki wa meno matatu ni maji, bibi mwenye tausi ni hewa, na mhunzi ni moto. Hata kucha za mhunzi zinaonekana. Sijapata kuona udongo uliotii mikono namna ile.

Nikainama kuchungulia kwa chini.

"Bibi, umeangusha nini?" Neema akauliza.

"Natafuta tundu."

Mlinzi akatusogelea, kisha naye akainama. Lilikuwepo, chini ya mhunzi: tundu dogo, kama lile alilotoboa mama kwenye kuku wetu wa udongo ili hewa itoke, wasipasuke motoni.

Uliniandikia kwamba unaacha ufinyanzi kwa sababu mabinti zako wanauita kazi ya matope. Wasomee kadi hii. Ardhi, maji, hewa na moto, mama aliwatumikisha wote wanne uani kwetu Kasulu, tena bila kuwapigia magoti.

Usiache, Zawadi. Tangu jana Neema ananiuliza tundu lile hutobolewa udongo ukiwa umekauka kiasi gani, na mimi nimesahau. Umebaki wewe tu unayejua.

Mungu aitunze mikono yako.

Dada yako,
Tabitha