Juisi ya Balungi Wodi ya Figo

Jumatatu, 3 Machi
Wodi ya figo! Nimehamishwa kweli, si utani. Nimejitazama kwenye kioo cha sinki mara tatu kama bibi harusi. Mgonjwa wangu wa kwanza ni fundi cherehani, siku ya kumi na mbili na figo alilopewa na dada yake. Nikamtoa damu. Eti yeye angemchoma mteja hivyo, angefunga duka! Nilicheka hadi Sista Mkuu akakohoa. Kanuni yake: damu kwanza, dawa baadaye. Dawa ya kushusha kinga ni saa tatu kamili, asubuhi na usiku. Ikipungua, mwili unalikataa figo. Ikizidi, inaliumiza. Nimeikariri kama jina langu.

Jumatano, 5 Machi
Mikono ya fundi inatetemeka. Kifungo cha shati kimemshinda — yeye! Na vipimo vya figo vimetoka vibaya. Daktari akanong'ona huenda mwili unalikataa, huenda dawa iongezwe. Dada mtu alikuwa mlangoni, kasikia. Akaniuliza figo lake limekosea nini. Nikamvutia kiti.

Saa saba mke wa fundi kaja na chupa ya juisi. Ya nini, mama? Balungi, ya kumpa nguvu. Kila siku tangu Ijumaa.

BALUNGI! Nilikimbia. (Wodini hatukimbii.) Nikamwambia Daktari: balungi linaipandisha ile dawa mwilini, na kutetemeka ni dalili ya kuzidi. Kafungua faili la fundi. Kisha akasema dozi ya usiku isitolewe mpaka maabara walete kiwango.

Alhamisi, 6 Machi
Mara mbili ya kinachotakiwa! Dawa imesimamishwa. Mke alilia, nikamwambia hukuambiwa, mama, kosa ni letu. Sista Mkuu kabandika karatasi mlangoni: BALUNGI MARUFUKU. Nimerudi nyumbani miguu haigusi chini — halafu aibu ikanishika. Mtu hajapona, mimi nadundadunda.

Ijumaa, 7 Machi
Kiwango kimeshuka! Fundi kafunga vifungo vyote, kimoja tu kapitiliza. Sasa tunasubiri kipimo cha figo lenyewe, kama limenusurika. Nimekaa benchi na dada mtu, daftari gotini, kanishika mkono bila kuomba.

Simu ya maabara inalia. Sista Mkuu hamwachii mtu simu hiyo. Ananinyooshea kidole — nipokee mimi. Mimi! Nasimama. Dada mtu hauachii mkono wangu.