Bwana Kim wa Jumatano

Jumatatu, 2 Septemba
Misuli minne inayozungusha bega. Nimeikariri yote, inapoanzia na inapoishia. Kisha Mwalimu Guk akaushika mkono wangu, akauweka begani mwa Bong-nam, mwenzangu wa darasani — haya, nionyeshe wa kwanza. Nikaonyesha mfupa! Bong-nam alikuwa dereva wa lori kabla hajapofuka, mdomo wake bado wa barabarani. "Dada, hapo ukande mpaka Krismasi, hapalainiki." Darasa zima likacheka. Na mimi, baadaye.

Jumatano, 11 Septemba
Dole gumba linauma. Mwalimu anasema nasukuma kwa kidole badala ya kutumia uzito wa mwili. "Egemea, Myeong-ok. Egemea!" Siku nzima wimbo ni huo. Tarehe 25 tunaanza kupokea wateja wa kweli, kliniki ya shule. Naogopa.

Jumanne, 17 Septemba
Sikukuu ya mavuno. Bweni tupu. Sijaenda nyumbani. Mwezi wa tatu, nilipohamia hapa, baba alisema nisikanyage kwake mpaka niache kutomasa watu. Sheria ya nchi imetuachia kazi hii sisi tusioona peke yetu, yeye anaiona fedheha. Miezi sita hatujasemezana. Mama amepiga simu kwa kunong'ona, kajificha ghalani kwenye matufaha. Nikamuuliza, baba ameniulizia? Akajibu — umekula?
Nimekula. Nimelia pia kidogo, basi.

Jumatano, 25 Septemba
Mteja wa kwanza! Bwana Kim. (Nusu ya nchi ni akina Kim.) Hasemi. Nikimuuliza kama mkono wangu ni mzito, anaguna tu. Bega la kulia gumu kama ubao, mkono hauinuki kupita sikio. Nikaenda polepole, nikaegemea. Dakika ya ishirini akasinzia. Akakoroma. Mikoromo mitatu, mluzi mmoja. Mikoromo mitatu, mluzi mmoja.
Baba!
Watu hudhani mikono yetu inatambua kila kitu. Uongo. Mgongo wa baba sijawahi kuugusa maishani, ningeutambuaje? Lakini mkoromo ule nimeusikia ukutani miaka ishirini.
Nikamalizia bega la kushoto kama kawaida. Akaamka, akavaa, akaenda zake. Mapokezi wanasema ameandikisha tena Jumatano ijayo, jina lile lile.

Alhamisi, 26 Septemba
Nimemweleza Bong-nam. Yeye anataka nimwite "baba" mbele ya watu wote, aumbuke. Siwezi. Nikimwita atakimbia, na akikimbia ndiyo basi.
Tatizo ni bega. Nimemweleza Mwalimu Guk, bila kusema ni la nani. Anasema huenda kano imechanika — kukandwa tu hakutoshi, aende hospitali, tena mapema. Nani atamwambia? Mama hajui, mzee yule hajawahi kukiri maumivu mbele ya mtu. Nitamwambia mimi, kama mgeni, kwa adabu zote. Nitamwita mzee Kim.

Jumatano, 2 Oktoba
Naandika hapa korido, haraka.
Amekuja. Safari hii hakulala. Nikasema, mzee Kim, bega hili linahitaji daktari, si mimi. Akaguna. Nikasema, kweli mzee, usidharau. Akaguna tena. Hasira zikanipanda — ndivyo anavyomjibu mama kila siku! Ikanitoka: "Na huo mkono ukifa, matufaha atakuchumia nani?"
Bwana Kim hakuwahi kuniambia kwamba analima matufaha.
Mkono wangu ukabaki palepale begani. Nikangoja ainuke. Hakuinuka. Bega likaanza kutetemeka, nikadhani ananicheka. Hakuwa akicheka. Kisha, uso ukiwa bado kwenye tundu la kitanda cha kukandia, kwa sauti yake mwenyewe:
"Mama yako asijue."
Asijue nini? Bega? Kwamba huja hapa? Muda ukaisha, nikatoka kunawa mikono. Nimenawa mara mbili.
Bado yumo ndani. Mwalimu Guk anauliza mbona mteja hatoki, mwingine anangoja. Nimemwambia angoje kidogo. Ndani hakuna sauti, wala ya nguo. Viatu vyake viko hapa mlangoni. Nimekaa chini kando yavyo, miguu nimeinyoosha. Hana njia ila kunipita.