Jezi Niliyoificha Nyuma ya Jiko

Tensta, Stockholm

Mjukuu wangu Furaha,

Huku sisi wazima. Bibi yako anakusalimu, na wadogo zako bado wananijibu kwa Kiswidi.

Umeniandikia kwamba hapo chuoni kwenu Amerika umekuta picha ya timu yao ya mpira wa Kimarekani, ya miaka zaidi ya mia iliyopita. Walishindwa msimu mzima, na hawakukosa hata mechi moja. Unauliza: "Babu, kwa nini hawakuacha?"

Kule Uvira, Kongo, nilichezea timu ya shule. Kila baada ya mechi tulifua jezi wenyewe, tukazianika kwenye ua wa shule kando ya barabara, wapita njia wakiziona. Tulipofungwa mara ya tano, mimi niliificha yangu nyuma ya jiko la shule. Kapiteni wetu, Sadiki, akaifuata ikiwa bado inachuruzika maji, akaianika barabarani pamoja na zingine.

"Jumamosi utaivaa mbele ya watu hao hao," akaniambia. "Waache waizoee."

Jumamosi tukafungwa tena. Kesho yake, sokoni, mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akaniita: "Wewe namba saba! Mnacheza lini tena? Safari hii nataka kukaa mbele."

Wale wa kwenye picha siwajui, lakini kwenye nakala uliyonitumia naona walimtazama mpiga picha bila kuinamisha kichwa. Nawe hukuuliza kwa ajili yao tu. Mama yako ameniambia kuhusu ule mtihani ulioufeli, na kwamba unataka kurudi nyumbani.

Basi nijibu na wewe: jezi yako umeianika wapi?

Babu yako