Karani Amemeza Sindano

Mtani wangu Bruno,

Salamu sikupi. Hata ulipokuwa hai ulikuwa mvivu wa kuitikia, sembuse sasa. Nimekaa chini nje ya ofisi ya bwana mifugo, Morogoro mjini, naandikia gotini. Usicheke mwandiko, darasa la pili langu ndilo lile lile.

Mbwa wako Karani amemeza sindano.

Siku ya maziko yako watani tulinyakua vitu vyako mpaka wafiwa wavikomboe. Wenzangu wakabeba kigoda na jembe, mimi nikamfunga Karani kamba: "Simtoi bila jogoo!" Hata mkeo alicheka na machozi yake. Jogoo hakuja. Juzi shemeji, mkeo huyo, kateremka mwenyewe toka mlimani hadi kwangu Mkuyuni. "Mtani, nguruwe wananimalizia mihogo. Nipe mbwa." Nikamjibu, "Jogoo yuko wapi?" Akapandisha zake. Mzee mzima mimi, bado nataka mzaha.

Leo asubuhi nikawa nashona mkanda wa ngozi. Nikachomeka sindano kwenye kipande cha mafuta ya mbuzi ili iteleze, nikageukia tumbaku. Kurudi, mafuta hakuna, sindano hakuna, uzi unaning'inia mdomoni mwa Karani.

Nikaushika, Bruno. Nikataka kuvuta! Ndipo nikamkumbuka yule mbwa wako wa kwanza kule mto Ruvu, aliyemeza ndoana tukavuta mshipi sote wawili. Ulisema, "Salumu, ndoana haikumuua. Tumemuua sisi." Nikauachia. Kumtapisha nako nikaogopa, ncha ingemchana ikirudi. Nikamtia kwenye tenga, tukapanda lori la ndizi. Mtu wa swala tano, mate ya mbwa mpaka kwenye kanzu! Njia nzima alikuwa ananitazama mimi tu.

Bwana mifugo ameniuliza, "Mzee, hukuvuta? Hukumpa kitu?" Nikasema sikuvuta, sikumpa. Akasema, "Afadhali," akafunga mlango. Afadhali maana yake nini? Jua limeshahama ukutani, mlango haujafunguka. Karani kalia mara moja tu.

Sikiliza. Akipona, kesho nampandisha mwenyewe mlimani kwa shemeji, na jogoo nampelekea mimi. Umenishinda, furahi.

Ila akija huko kwako akitikisa mkia, usimpokee, mchoyo we. Mtupie jiwe arudi. Bado yuko mikononi mwangu.

Lala, mtani. Kitasa cha mlango kinalia.

Salumu