Nyimbo Zako Ziko kwa Uliowacheka

Kalume ndugu yangu,

Huko uliko najua unacheka, maana mimi hapa Changamwe nahangaika tangu Jumapili. Binti yako Kadzo anaolewa Jumamosi, na amekataa katakata kutoka nyumbani bila wimbo wako. Alikuja akanishika mikono: "Baba, si wewe ndiwe uliyekuwa ukiimba naye?" Nami nikasema haya, kama mjinga.

Kuimba nawe! Wewe ulitoa, mimi nikaitikia. Tangu tulipokuwa makuli bandarini hadi vita vikaisha, kazi yangu ilikuwa kupiga ngoma na kusema "Eee, kweli hiyo!" Ukitia ubeti, mimi nawaza pilau. Sasa umelala kaburini, na wanaokuja kumchukua mtoto ni watu wa Kisauni. Mwimbaji wao unaujua ulimi wake. Sisi tukinyamaza, atamwimba Kadzo kwa kejeli mpaka aingie kwao kichwa chini.

Basi nikazunguka kuzitafuta nyimbo zako. Fundi cherehani, yule mliyenuniana, alifyonya, akaweka mkasi chini, akaimba: "Suruali ya fundi, mguu mmoja umefika, wa pili ungali njiani." Hajasahau hata neno! Mama Dama muuza samaki aliuimba wake mbio mbio akanifukuza, kisha akaniita: "We, rudi! Wangu hukuupata vizuri." Kumbe ndivyo ulivyoziweka nyimbo zako, bwana. Kila uliyemcheka anakutunzia ubeti wake.

Wangu nilijifanya nimeusahau. Mke wangu akanikumbusha mbele ya wageni: "Chengo akishika ngoma, mbuzi huzikata kamba."

Lakini wa Kadzo haupo. Ulisema utamtungia siku ya arusi yake, tusikuharakishe. Nimejaribu mimi, Kalume. Natoka jasho, napata "Kadzo mzuri," nakwama hapo. Hata hao mbuzi wangefika hapo.

Kwa hiyo Jumamosi nitaanza na ubeti wangu. Nijicheke mwenyewe, yule wa Kisauni akose pa kunishika. Fundi atatoa wake, Mama Dama wake. Zamu ya Kadzo ikifika nitapiga ngoma tupu, nikuachie mahali pako, muda wa ubeti mzima. Kisha sote tutaitikia, kwa sauti, kama tulivyokuitikia siku zote: "Eee, kweli hiyo!"

Lala salama, ndugu yangu. Nakuahidi mtoto hatatoka kimya.

Ila nikikwama pale mlangoni, nisukume kidogo.

Chengo wako