Mbuzi ya Zuhura Bado Haina Meno

Baba Zuhura, mume wangu,

Amani iwe nawe huko ulikolala. Nakuandikia kutoka chumba kile kile cha uani, hapa Bellevue, Johannesburg, na najua ungekuwepo ungeniambia niache kalamu nikatie chai. Chai ipo. Kikombe chako pia kipo, ila siku hizi nakinywea mimi.

Zuhura anaolewa. Mkweo ni kijana wa Kizulu, ana adabu zake, na wali wa nazi anaula mpaka anaomba ukoko. Watahamia Randburg, kwenye fleti yenye jiko linalong'aa hata naogopa kuligusa. Nakueleza haya kwa sababu kuna ahadi yako imebaki mikononi mwangu. Ulimwambia mwanao, akiwa bado anakwenda shule, kwamba siku atakayopata nyumba yake utamtengenezea mbuzi ya kukunia nazi kwa mkono wako. Kiti ulikimaliza. Ulikichonga, ukakipiga msasa, ukakipaka mafuta, ukakiweka pembeni ya kabati kisubiri kile chuma chenye meno. Halafu ukaugua, tukakusafirisha Tanga, tukakuzika huko, na mimi nikarudi huku peke yangu. Kiti bado kiko pale, tundu la chuma liko wazi. Kila nikifagia nakiona, na kila nikikiona nakukumbuka.

Nilidhani kupata chuma si kazi. Mji huu kila dirisha lina grili, na nyingi ulizichomelea wewe. Nikaenda kwenye duka la vyuma. Kijana wa kaunta akaniuliza nataka chuma namba ngapi. Nikamwambia namba siijui, nataka kigumu kisichovunjika, cha kukunia nazi. Akabonyezabonyeza kompyuta yake, akasema kipo, ila kinauzwa fimbo nzima, mita sita. Mita sita, Baba Zuhura. Ningeipandisha taxi gani? Nikamwomba kipande cha urefu wa mkono tu, akasema wao hawakati. Nilitoka nikicheka peke yangu, na nilipofika kwenye robot, taa za barabarani, nikajikuta nalia, maana kisa kile kilikuwa cha kukusimulia wewe.

Unaikumbuka mbuzi yetu ya kwanza hapa? Ulikuwa mgeni kazini, ukaja na kipande cha nondo, ukakigonga mpaka kikawa bapa, ukakichonga meno. Ramadhani haijafika nusu, meno yote yamelala. Nikakwambia mbuzi yako imezeeka kabla yako. Ya pili ukaitengeneza kwa tupa kuukuu, na hiyo ilikuwa kali kweli, lakini nilipoikandamiza nazi ya kwanza tu jino likakatika, tukalitafuta ndani ya tui. "Hiki kigumu mno," ukasema, "hakijui kuinama." Cha tatu ulikikata kwenye springi ya pikapu, na hicho ndicho ninachokunia mpaka leo.

Nikakuuliza kuna nini ndani ya springi. Nawe ukaniuliza kuna nini ndani ya pilau.

"Mchele," nikasema, kwa ubishi tu.

"Na nini kingine?"

Ukanieleza kwamba chuma nacho hutiwa viungo, kromu, manganizi, silikoni, kidogo kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachokifanya kipinde kisivunjike, kisha kirudi mahali pake. Tangu siku hiyo nikitia bizari kwenye sufuria nakusikia ukisafisha koo, kama ulivyozoea kabla ya kufundisha.

Kazi yangu mimi ilikuwa mlango. Kabla hujakata kipande chochote ulikuwa unakigusa kwanza na grainda, na ulitaka chumba kiwe giza ili uzione cheche zake vizuri. Ulisafisha koo, ukasema, "Funga mlango, mke wangu." Nikafunga, nikasimama pale pale, Zuhura amening'inia kwenye khanga yangu. Cheche za chuma laini zilikwenda ndefu, zimenyooka. Za chuma cha springi zilipasuka njiani zikatoa matawi. Ulituonyesha mara nyingi sana. Mimi tofauti niliiona tangu siku ya kwanza, ila kila mara nilijifanya siioni, ili unieleze tena.

Basi wiki iliyopita nikaenda Doornfontein, kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Mwenyewe ni Mkongo wa Lubumbashi. Nikamwambia nataka springi ya gari, ambayo wao huiita ressort, akanionyesha lundo zima lililoshika kutu.

"Mama, yote ile ni ressort. Beba tu, iko na nguvu."

Nikamwomba kamba na spana. Nikavining'iniza vipande kimoja kimoja, nikavigonga, nikatega sikio, kama ulivyokuwa ukifanya wewe kutafuta ufa usioonekana kwa macho.

"Mama, sasa unafanya nini? Ni chuma, haiko kengele."

"Mume wangu ndivyo alivyochagua," nikamjibu. "Sasa hayupo."

Kisha akaja akanishikia kamba mpaka nikamaliza. Kimoja kilitoa sauti ya chungu kilichopasuka, nikakiweka kando. Viwili vililia vizuri, nikavichukua vyote. Lakini mlio unakwambia tu kwamba chuma ni kizima, haukwambii ni chuma gani, na chini ya kutu ile vyote viwili vilifanana. Nilijua kilichobaki ni cheche.

Sasa nikwambie linaloniuma. Zuhura Kiswahili anakisikia chote, lakini hunijibu kwa Kiingereza. Nilipomtajia habari ya mbuzi alisema, "Eish, Mama, si kuna blenda." Hakusema kwa ubaya. Lakini usingizi uliniruka. Niliogopa kwamba mwanetu anakwenda kuanza maisha katika nyumba isiyokujua hata kidogo, na kwamba nikikufuata mimi, hatabaki mtu mji huu anayejua kuwa ulipita hapa. Nilikuwa naitafuta mbuzi ile kwa ajili yako kuliko kwa ajili yake.

Jana mchana alikuja kuchukua sufuria zake. Akanikuta nimekaa mbele ya grainda yako, naiogopa. Aliweka mkoba chini, akavaa miwani yako ya kazi, ile yenye kamba niliyoipiga fundo, akakibana kipande cha kwanza kwenye jiliwa. Akaishika mashine. Halafu akasafisha koo.

"Funga mlango, mke wangu."

Sikujua nicheke au nishike ukuta. Ilikuwa sauti yako, na Tanga yote ndani yake, kinywani mwa mtoto aliyezaliwa Johannesburg. Nikaenda nikafunga. Kabla hajaiwasha mashine kulikuwa na giza, na katika giza lile mimi sikuwa mjane.

Cheche za kipande cha kwanza zilinyooka mpaka ukutani. Za cha pili zilipasuka zikatoa matawi, na nikakiona kiti chako pale pembeni ya kabati.

"Hiki," Zuhura akasema.

Nikamwambia mimi sioni tofauti.

Akazima grainda, akavua miwani, akanieleza. Alianza mwanzo kabisa, na pilau na viungo vyake, na kwa Kiswahili chote, pale alipokosa neno akilitafuta mpaka akalipata. Nilisimama pale mlangoni nikimsikiliza kama sijawahi kusikia.

Jumamosi anarudi tukate meno. Amenionya niweke ndoo ya maji karibu, tukipoze kila mara, kwa sababu chuma kikipata moto kikageuka bluu tumeshakiua. Sikumwuliza amelitoa wapi neno hilo. Mkweo amesema atakuja na nazi.

Nakuaga sasa, Baba Zuhura. Mola akupanulie mahali ulipo, na akukutanishe nasi tukiwa na nyuso njema. Kile kipande laini sikukitupa. Hakifai kwa mbuzi, lakini cheche kinatoa, na siku nikizidiwa nitafunga mlango.

Mkeo,
Mama Zuhura