Wifi Alikuja Kumchukua Bhoke

Jumapili jioni, Busawe. Mvua ya mchana imekatika, uwanja umebaki matope matupu, na kuku wanatembea kwa kunyanyua miguu kama mabibi wenye viatu vipya. Shajara yangu, leo nimemdharau mtu kwa moyo wangu wote, na sioni aibu kukuandikia.

Mnaoisoma shajara hii mtandaoni mnajua nilivyo. Tangu nifunge ndoa nimewachosha kwa habari za mume wangu: macho yake, sauti yake, namna anavyocheka kabla hajamaliza kusimulia. Ni mpishi kwenye kambi ya watalii upande wa Robanda, na nyumbani anakuja akipewa mapumziko tu. Akipiga simu ananieleza alichowapikia wageni, halafu anasema hakuna hata mmoja wao anayekula kwa raha kama mimi ninavyokula viazi vyake vya kukaanga. Naishi kwa maneno hayo mpaka apige tena.

Lakini leo siandiki kuhusu viazi.

Nilipompenda yeye, niliwapenda na watoto wake. Mama yao alifariki kabla sijamfahamu baba yao. Mkubwa ni Bhoke, ameanza darasa la kwanza mwaka huu. Mdogo wake bado hajafikia umri wa shule, naye amepewa jina la babu yake. Kwetu huku mke hatamki jina la baba mkwe, kwa hiyo huyo mdogo namwita Mzee. Anaitika kwa fahari, mikono nyuma, tumbo mbele.

Wanaongea. Mungu wangu, watoto hawa wanaongea! Wanaanza kabla hawajafungua macho. Mbuzi akipiga chafya anaumwa? Tembo wa Robanda wanamjua baba kwa jina? Kwa nini mama hana ndevu na babu anazo za kumtosha na mama? Mwezi wa kwanza nilidhani nitapasuka kichwa. Sasa wakiwa shambani kwa jirani nasikia masikio yangu kama yamezibwa pamba.

Tena wana kazi na hayo maneno yao. Baba mkwe anaishi nasi boma moja, lakini mimi na yeye hatukai pamoja, hatuli pamoja, siingii nyumbani kwake, wala simtazami usoni. Ndiyo heshima. Mama mkwe yuko Natta anamuuguza dada yake, kwa hiyo maneno yote baina yangu na baba mkwe yanapita kwa Bhoke. Hata nikiwa nafagia karibu naye atasema, "Bhoke, mwambie mama yako ng'ombe wamerudi." Ng'ombe nimewaona. Yeye nimemsikia. Lakini nasubiri Bhoke aje mbio aniambie, nami naitikia, naye anarudi mbio kumwambia nimesikia.

Sasa wifi.

Dada mkubwa wa mume wangu ameolewa Sirari, na kuvuka mpaka kwenda sokoni upande wa Kenya kumemfanya ajione amezaliwa Nairobi. Alifika jana kwa bodaboda, amebeba mwavuli wakati hakuna jua wala mvua. Kabla ya kukaa alitandika leso juu ya kigoda. Kigoda cha baba yake! Kigoda alichokalia tangu akiwa na kamasi! Nikamletea chai, akaichungulia ndani ya kikombe kama anatafuta mdudu.

Watoto alikuwa amewaletea pakiti moja ya biskuti. Aliifungua mwenyewe, akawagawia moja moja, na kila wakipewa moja yeye anakula mbili.

"Kwani hawa watoto hunyamaza saa ngapi?" akaniuliza. "Huku hakuna mtu wa kuwachapa?"

Mzee akamjibu, "Tunanyamaza tukilala, shangazi. Wewe ukilala unakoroma?"

Nilikimbilia jikoni nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Leo baada ya kanisa alimchukua Bhoke wakatembee dukani. Walikaa huko muda mrefu. Waliporudi, wifi akamfuata baba yake uwanjani, akakaa kwenye leso yake, akaanza. Hakunong'ona. Alitaka nisikie.

"Baba, nimekuja mnipatie huyu msichana nikae naye Sirari. Mtoto wa marehemu hawezi kulelewa na mtu aliyemaliza fomu foo juzi. Yule anapenda mume, hapendi watoto. Si unaona anashinda kwenye simu akimwandikia mapenzi? Huko kwangu Bhoke atasoma shule ya Kiingereza, atakuwa mtu."

Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, mwiko mkononi, ugali unaanza kuungua.

Ndiyo, nampenda mume wangu. Naandika, nafuta, naandika tena. Kumpenda baba yao kunanizuia nini kumwogesha mtoto? Nani alikaa macho Mzee alipoumwa masikio? Nani anajua Bhoke hali maharage mpaka yapondwe? Huyu mwenye mwavuli? Watoto hawa hakuwahi kuwatumia hata salamu tangu mama yao azikwe!

Hayo yote niliyasema kimoyomoyo. Kubishana na wifi mbele ya baba mkwe siwezi. Si woga. Mkwe anayepaza sauti uwanjani kwa baba mkwe anakuwa amempatia wifi ushahidi bila kulipwa, na wifi alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana aliongea kwa sauti. Kumchapa mtu uliyeona amefungwa mikono: huo ndio ujasiri wake wote.

Nilifikiria kumtuma Bhoke na neno langu. Lakini unamtumaje mtoto akakuombee asichukuliwe yeye mwenyewe?

Nilikuwa nimempigia mume wangu asubuhi, nilipoanza kuhisi safari ile ya wifi ina jambo. Unajua alisema nini, huyo nuru ya macho yangu? "Tumwachie baba ataamua, mpenzi." Sauti laini kama maziwa. Nilitamani kumbusu na kumrushia sufuria, vyote kwa pamoja.

Baba mkwe akamwita Bhoke, naye akaja anarukaruka kukwepa madimbwi.

"Unataka kwenda kwa shangazi yako?"

"Ndiyo, babu!"

Moyo wangu ukaanguka ndani ya sufuria ya ugali.

"Utakwenda kufanya nini huko?"

Kosa la wifi lilikuwa moja tu. Hakuwahi kuishi na Bhoke. Mtu aliyeishi naye hata siku mbili hamwambii jambo ambalo hataki lifike uwanjani.

"Nitakuwa nambeba mtoto wa shangazi, yule aliyeachwa kwa jirani," Bhoke akasema, kifua mbele. "Najua kumfunga mgongoni, shangazi amenifundisha kule dukani kwa kanga yake. Dada wa kazi amekimbia, babu. Alikuwa anakunywa maziwa ya mtoto! Mimi sitakunywa. Na nitalala naye chini, akilia kidogo nambembeleza mwenyewe, akilia sana ndiyo namwamsha shangazi. Na nguo zake nitafua, lakini za kinyesi nitaloweka kwanza..."

"Bhoke, nyamaza!" wifi akasema.

"Mwache," baba mkwe akasema. "Na shule?"

"Shule nitaanza mtoto akishatembea. Sasa hivi anakaa tu, akisukumwa anaanguka."

"Mimi siendi," Mzee akaingilia kutoka kwenye ngazi ya ghala, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Shangazi kasema mimi najikojolea."

Wifi akacheka kicheko kikavu. "Baba, watoto hutunga vitu. Wewe utamsikiliza mtoto?"

Baba mkwe alitazama miguu ya Bhoke, midogo, imejaa matope mpaka kwenye vifundo. Kisha akasema kama kawaida yake:

"Bhoke, muulize mama yako kama sare yako ya shule ni safi."

Bhoke akaja mbio jikoni. "Mama, babu anauliza sare yangu ni safi?"

Niliuweka mwiko chini. "Mwambie ni safi. Mwambie niliifua jana, nimeipiga na pasi."

Akarudi mbio. "Ni safi! Imepigwa na pasi!"

"Basi kesho utaivaa," babu yake akasema, akainuka, akaingia ndani kwake.

Ndivyo ilivyokwisha. Mtoto alibeba hukumu yake mwenyewe kutoka kwangu mpaka kwa babu yake, anakimbia, anacheka, hajui alichobeba.

Wifi hakungoja hata ugali. Aliita bodaboda, akakunja leso yake, akachukua na biskuti zilizobaki kwenye pakiti. Ndiyo, alizichukua! Akipita mlangoni kwa jiko akaniambia, "Umeshinda, bibi harusi. Sasa tuone kama utaweza." Nikamwambia, "Safiri salama, wifi," kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu, huku nikimwona mdogo kuliko kisoda cha chupa.

Bhoke alisimama njiani amevaa viatu vyake vya kanisani, anasubiri aitwe. Pikipiki ikawaka. Shangazi yake hakugeuka. Mtoto uliyemsifia kutwa nzima, uliyemjaza kichwa habari za Sirari, ukishakosa kumtumia huna hata kwaheri ya kumpa? Kwa hilo nimemdharau kuliko yote, kuliko hata maneno aliyosema juu yangu. Watu wanamwona mwanamke wa mjini. Mimi nimemwona.

Mume wangu alipopiga, nikamweleza yote. Akacheka kwa furaha. "Si nilikwambia baba ataamua?" Kama vile yeye ndiye aliyeshinda! Nampenda. Nampenda hata nikimkasirikia, hata sauti yake ikipungukiwa na akili namna ile. Lakini akija, kabla sijamkumbatia, atampigia dada yake mbele yangu na kumwambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba watoto hawa wana mama. Viazi vitasubiri.

Sasa giza linaingia, na nyumba hii imenyamaza.

Bhoke amegoma. Hakupeleka chakula cha babu yake, amelala kwenye mkeka ameupa ukuta uso. Mzee hawezi kubeba sinia, angelimwaga njiani. Nimelipeleka mwenyewe, nikaliweka mlangoni, nikageuka haraka. Nimesikia baba mkwe akikohoa ndani, kisha akaliambia giza, "Asante." Sikujibu. Sikujua kama nimeruhusiwa.

Niliporudi nikamkuta Mzee amejikunja karibu na dada yake, anamuuliza swali kwa kunong'ona. Bhoke akamjibu bila kugeuka: "Usimwambie huyo."

Huyo.

Jana nilikuwa mama. Nimesimama mlangoni na taa mkononi, nimetamani kumweleza kila kitu: ule mgongo wake ulivyo mdogo, yale maziwa, zile nguo za kuloweka. Nimeacha. Ana miaka sita, na leo ameahidiwa mji na kunyang'anywa mchana mmoja. Ana haki ya kununa, na mtu wa kununiwa aliye karibu ni mimi.

Sawa. Kesho asubuhi huyo ndiye atakayewasha moto. Huyo atamwamsha, atampa uji, atamfunga vifungo vya sare, na huyo atatembea naye kwenye matope mpaka getini kwa shule, hata kama njia nzima hataambiwa neno.